Mbio Ndefu Zina Siku Yake



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya chanjo za watoto, shinikizo la damu na lishe ya mama mjamzito. Mwezi huu tunazungumza juu ya mama mkimbiaji, na hasa juu ya lile zoezi moja la wiki linalomchukua muda mwingi kuliko mengine yote, yaani mbio ndefu. Huenda wapo watakaouliza, mbio na akina mama wa kanisani vinahusianaje? Sisi tunaoishi Moshi tunajua kwamba vinahusiana. Tangu mwaka 2003 mji wetu hupokea Kilimanjaro Marathon, Jumapili moja ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na miongoni mwa wanaojiandikisha kwa kilometa 21 au 42 wamo walimu, wauza mboga, wauguzi na wake za wachungaji. Ni jambo jema. Mazoezi ni dawa ya moyo, ya sukari na ya mawazo. Lakini kila dawa ina kipimo chake, na tumeona kinachotokea kipimo kinapokosewa.

Mama aliyeshindwa kuinuka

Tunaeleza habari za mama mmoja wa usharika wetu kwa ruhusa yake, bila kumtaja jina. Wakati huo alikuwa na miaka 36, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mume na watoto watatu, na yule mdogo ameanza darasa la kwanza. Alipokuwa sekondari alikimbia katika michezo ya UMISSETA. Alipoolewa aliviweka viatu kando, ikapita miaka kumi na miwili. Kisha akaamua kujiandikisha kwa kilometa 21. Hakuwa akitafuta zawadi. "Nilitaka mara moja tu nikimbie hapa kwetu, watoto wangu wanione," alituambia.

Jumatano moja, baada ya maombi ya akina mama, wenzake waliinuka naye akabaki benchini. Unyayo wa kulia ulikuwa ukimuuma mahali pamoja, kama umechomwa msumari. Tulipomsogelea akasema kwa sauti ya chini, "Dada, si mguu tu. Huu ni mwezi wa nne sijaona siku zangu, na mimba sina. Nimepima mara mbili." Tulipouliza kama mumewe anajua, akainamisha kichwa. "Ameniambia nichague, mbio au nyumba."

Sisi wauguzi tumefundishwa kuuliza kwanza kabla ya kutoa ushauri. Tukachukua karatasi, tukamwomba atueleze wiki yake, siku baada ya siku, saa baada ya saa.

Mbio ndefu alikuwa akizikimbia Jumapili. Aliamka saa 9 na nusu usiku, akanywa chai ya rangi bila kitafunwa, na saa 10 alfajiri alikuwa barabarani peke yake, akipanda kuelekea Mweka gizani. Alikimbia kilometa 16. Alirudi, akaoga, akawavisha watoto, na saa 1 asubuhi alikuwa amesimama kwaya katika ibada ya kwanza. Alikula chakula chake cha kwanza saa 7 mchana, baada ya kupika na kuwapakulia wengine wote. Alasiri alifua sare za shule. Alilala saa 5 usiku, na Jumatatu akasimama darasani kutwa nzima.

Na Jumamosi je, siku ya kujiandaa? Asubuhi shamba, mchana soko, na mara mbili kwa mwezi alipika chakula cha semina hapo kanisani. Tulipofika hapo tulinyamaza, kwa maana orodha ya wapishi wa semina tuliiandika sisi wenyewe. Na alipokosa mazoezi ya kwaya mara moja kwa uchovu, ni sisi tuliomwambia kwamba mbio zimempoza kiroho.

Tukapiga hesabu. Usiku wa kuamkia mbio ndefu alikuwa akilala saa nne na nusu. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 anapokimbia kilometa 16 hutumia takribani kalori 950, ambazo ni karibu nusu ya mahitaji ya siku nzima ya mwanamke wa kawaida. Naye alikuwa akizitumia tumbo likiwa tupu, kisha anafanya kazi za siku nzima juu yake.

Kilometa 16 hazikuwa nyingi mno kwa mwanamke mwenye afya yake aliyezizoea taratibu. Kosa lilikuwa kwamba mbio zile hazikuwa na mahali katika wiki yake. Hakuna kazi hata moja iliyosogezwa ili zipite. Zilikuwa zimekatwa kutoka kwenye usingizi wake na kwenye sahani yake, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu viwili pekee ambavyo mama hahitaji kumwomba mtu ruhusa kuvipunguza.

Mbio ndefu ni za nini?

Mtu anayejiandaa kwa mashindano ya masafa marefu hakimbii kila siku sawasawa. Zipo siku za kukimbia kidogo na polepole, ipo siku ya kwenda kasi, zipo siku za kupumzika, na ipo siku moja ya kwenda mbali kuliko siku nyingine. Siku hiyo mwili hujifunza mambo ambayo mbio fupi haziwezi kuufundisha. Misuli na ini huzoea kuweka akiba kubwa zaidi ya sukari. Akiba hiyo hupungua sana baada ya saa moja na nusu hadi mbili za mbio, hivyo mwili hujifunza pia kutumia mafuta. Mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli. Moyo hupata nguvu. Mifupa na kano huzoea kubeba uzito, lakini hivi huchelewa kuliko moyo na mapafu, na ndiyo maana mtu hujiona yuko tayari kabla mifupa yake haijawa tayari.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mwili haujengeki wakati wa kukimbia. Wakati wa kukimbia unachoka na kuchakaa. Unajengeka baadaye, mtu akiwa amekula na amelala. Anayekimbia asile wala asilale ni kama fundi anayebomoa ukuta kila wiki bila kuleta tofali.

Na mwendo uweje? Tuliosoma shule zetu tunaukumbuka mchakamchaka. Tulikimbia tukiimba, na ukiona huwezi kuitikia wimbo ujue umekwenda kasi mno. Kipimo ni hicho hicho. Katika mbio ndefu mama aweze kuzungumza na mwenzake sentensi nzima bila kukata pumzi. Akishindwa apunguze mwendo, na mlimani atembee. Kutembea si aibu.

Je, ni lazima iwe Jumapili?

Hili huwasumbua wengi wetu. Wakimbiaji wengi duniani hufanya mbio ndefu Jumapili, na mama yule alidhani ni sheria. Si sheria. Desturi hiyo ilipata nguvu kutoka New Zealand, kwa kocha Arthur Lydiard wa Auckland, mtu aliyefanya kazi katika kiwanda cha viatu. Aliwapeleka vijana wake kila Jumapili katika vilima vya Waiatarua, mzunguko wa kama kilometa 35. Mwaka 1960, katika Olimpiki ya Roma, Peter Snell alishinda mita 800, Murray Halberg akashinda mita 5,000, na Barry Magee akapata medali ya shaba katika marathoni. Dunia ikaiga. Lakini watu wale walikuwa wafanyakazi, na Jumapili ndiyo siku waliyokuwa na nafasi.

Tazama sasa kwa jirani zetu wa Kenya. Huko Kaptagat, karibu na Eldoret, kundi la kocha Patrick Sang, ambamo Eliud Kipchoge alijiandaa kwa ushindi wake mwingi, limekuwa likifanya mbio ndefu Alhamisi, kilometa 30 wiki moja na 40 wiki nyingine. Mwili haujui jina la siku. Unachojua ni kama jana yake ulipumzishwa, na kama kesho yake utapumzishwa.

Kwa hiyo mama achague siku ambayo nyumba yake inaweza kumpa. Kwa mwenye kazi ya ajira mara nyingi ni Jumamosi asubuhi. Kwa mwenye genge au duka huenda ni siku ambayo soko limepoa. Kwa muuguzi wa zamu ni siku ya mapumziko, lakini kamwe isiwe asubuhi ile anayotoka zamu ya usiku.

Karatasi ya wiki

Hii ndiyo karatasi tuliyomwandikia mama yetu alipopona na kuanza upya. Msomaji mwenye afya, ambaye tayari anaweza kukimbia nusu saa bila shida, anaweza kuifuata.

Jumatatu: kilometa 5, polepole.
Jumanne: kilometa 7, polepole.
Jumatano: mapumziko na maombi ya akina mama.
Alhamisi: kilometa 8, katikati yake dakika chache za mwendo wa kasi.
Ijumaa: mapumziko, na kulala mapema.
Jumamosi: mbio ndefu, kilometa 10.
Jumapili: ibada na matembezi.

Jumla ni kilometa 30, na mbio ndefu ni theluthi yake. Kipimo hicho ni kizuri. Mbio ndefu ziwe kati ya robo na theluthi ya wiki nzima, na kwa anayekimbia siku chache zinaweza kuzidi kidogo. Anayekaa wiki nzima bila kukimbia, kisha Jumamosi akajitupa kilometa 15, hafanyi mbio ndefu. Anajiumiza.

Haba na haba hujaza kibaba. Jumamosi inayofuata ongeza kilometa moja, ziwe 11, kisha 12. Wiki ya nne usiongeze, bali rudi kwenye 10 ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Kisha 13, 14, 15, na kushuka hadi 11. Kisha 16, 17, 18, na kushuka hadi 12. Wiki inayofuata ni mashindano. Siku nyingine nazo ziongezeke kidogo kidogo, ili mbio ndefu zisibaki peke yake kama mnara. Anayeweza kilometa 18 mazoezini kwa utulivu atazifikia 21 siku yenyewe. Anayejiandaa kwa kilometa 42 huhitaji miezi zaidi na mbio ndefu zaidi, lakini kwa sisi watu wa kawaida saa mbili na nusu hadi tatu zinatosha. Zaidi ya hapo hasara hushinda faida. Na zile zilizo ndefu kuliko zote ziwe kama wiki tatu kabla ya mashindano, kisha mtu aanze kupunguza.

Usiwe na wasiwasi kama huna kipimo cha kilometa. Tumia saa. Kwa mwendo wa mchakamchaka mama wengi hutumia dakika 7 hadi 8 kwa kilometa moja, hivyo kilometa 10 ni kama saa moja na robo.

Ukikosa mbio ndefu kwa sababu mtoto ana homa au kuna msiba, usizilipe kwa kukimbia mara mbili wiki inayofuata. Zimekwenda. Rudia pale ulipoachia. Wiki moja iliyopotea haimwangushi mkimbiaji, bali kulipiza ndiko kunakomwangusha.

Sahani na kikombe

Usiku wa kuamkia mbio ndefu, mama ale chakula cha kutosha chenye wanga, kama vile ndizi, wali, viazi au ugali, pamoja na maharage au samaki. Asubuhi kabla ya kutoka, ndizi mbivu moja au mbili na kikombe cha chai yenye sukari vinatosha kuanzia. Mbio zikizidi saa moja na nusu, abebe kitu kitamu mfukoni, hata kama ni ndizi au maji ya glukosi.

Akirudi ale ndani ya saa moja, kabla ya kazi nyingine yoyote. Uji wa ulezi wenye maziwa, mayai, kiburu au mtori uliobaki jana, vyote ni chakula kizuri. Hapa tunasema kwa msisitizo. Ale kabla ya kupakulia wengine. Tunajua jinsi tulivyolelewa, na tunajua kwamba mama wengi hula kilichobaki chunguni. Siku ya mbio ndefu desturi hiyo ni hatari.

Kuhusu maji, anywe kwa kiu yake. Kukimbia na kiu kali ni vibaya, lakini kunywa maji mengi kupita kiasi nako ni hatari, kwa kuwa chumvi ya damu hupungua na mtu anaweza kuchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu.

Mwanamke hupoteza madini ya chuma kila mwezi kwa hedhi, na mkimbiaji huyahitaji zaidi. Nyama, maini, dagaa, maharage na mboga za majani visikose, pamoja na chungwa au limau, ambavyo husaidia mwili kuyapokea. Chai na kahawa huzuia, basi vinywewe kando, kama saa moja baada ya chakula. Wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, huo ni upungufu, nao hautibiwi kwa kuongeza juhudi. Apimwe, atibiwe.

Kwa mama anayenyonyesha, maziwa hayaharibiki kwa mbio. Amnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka, ili matiti yawe mepesi, na aongeze chakula na vinywaji. Mjamzito, na yule aliyejifungua karibuni, wasianze mazoezi haya bila kuzungumza na kliniki.

Dalili za kusimama

Mficha maradhi kilio humuumbua. Yapo mambo ambayo mama akiyaona asimame na aende hospitali. La kwanza ni hedhi kukatika miezi mitatu bila mimba. Hapa tulisikia wengine wakisema ni nafuu, kwamba mwili wa mkimbiaji ndivyo ulivyo. Si kweli. Ni mwili unaosema chakula hakitoshi kwa kazi unayopewa, ukaanza kufunga vyumba ili kubana matumizi. Homoni ya estrojeni hushuka, na hiyo ndiyo inayolinda mifupa. Mifupa ikidhoofika na mbio zikiendelea, hupata ufa.

La pili ni maumivu ya mfupa mahali pamoja, yanayozidi ukipabonyeza kwa kidole na yasiyopoa usiku. La tatu ni maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia. La nne ni uchovu usiokwisha kwa kulala, pamoja na mapigo ya moyo kuwa juu kuliko kawaida asubuhi kabla ya kuondoka kitandani.

Mama yetu alikuwa na la kwanza na la pili kwa pamoja. Daktari alipompima aliona ufa mdogo katika mfupa wa unyayo. Aliambiwa asikimbie kwa wiki nyingi, na mashindano ya mwaka ule yakampita. Siku hiyo ya Jumapili alikaa ibadani, huku mlio wa magari ya msafara ukisikika kwa mbali, na tulimwona akitazama dirishani.

Tulipobisha hodi

Kabla ya hapo, wawili wetu tulikuwa tumekwenda nyumbani kwao jioni moja, na ile karatasi ya wiki mkononi. Tulikuwa tumejiandaa kukuta baba mkali. Alitukaribisha, akatuletea viti mwenyewe, akasoma karatasi kimya toka juu hadi chini. Kisha akasema, "Akina mama, mimi sikukataa mbio. Mimi huamka usiku nikapapasa kitanda kitupu, na ninajua yuko barabarani gizani peke yake. Sipati usingizi mpaka nisikie geti. Nitamwambia nini mwanangu siku geti lisiposikika?"

Mkewe akamtazama. "Hukuwahi kuniambia hivyo, baba."

"Nilikuambia uache."

Tulikaa kimya, kwa sababu sisi pia tulikuwa tumesikia neno "chagua" na hatukuuliza lina nini ndani yake. Baba akaomba kalamu. Karibu na Jumamosi akaandika kwa mkono wake: chai ya watoto, soko, maji ya kuoga. Akaongeza: saa 12, si saa 10. Kisha akasema atamsindikiza kwa baiskeli.

Hilo la baiskeli halikudumu. Ule mlima wa Mweka ulimshinda Jumamosi ya pili, akarudi akiikokota, na watoto wanamcheka hadi leo. Ndipo tulipomtafutia mama wenzake wawili wa kukimbia naye, mmoja Mkatoliki na mwingine muuza duka Mwislamu, nao wakawa marafiki. Hutoka kukiwa kumekucha, wamevaa nguo za rangi inayoonekana, na hukimbia upande wa kulia wa barabara wakiyatazama magari yanayokuja.

Sisi nasi tulikuwa na deni. Jina lake tuliliondoa kwenye orodha ya wapishi wa Jumamosi, tukampa kazi ya kuandika mahudhurio. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwa nini apendelewe. Tukamjibu kwamba mama akifiwa tunampunguzia, akijifungua tunampunguzia, na mwenye mtihani wa chuo tunampunguzia. Huyu naye ana mtihani.

Wapo wanaodhani kwamba mama akiwa na watoto mbio zake zimekwisha. Edna Kiplagat wa Kenya alikuwa tayari mama aliposhinda marathoni ya dunia Daegu mwaka 2011 na tena Moscow mwaka 2013, na kocha wake ni mumewe, Gilbert Koech. Peres Jepchirchir, mama wa binti, alishinda marathoni ya Olimpiki iliyokimbiwa Sapporo mwaka 2021, kisha ya dunia huko Tokyo mwaka 2025. Hao ni mabingwa, na kukimbia ndiyo kazi yao. Mama wa kwetu ana darasa la watoto na jiko la kuni. Lakini kanuni haibadiliki, kwamba mwanamke hakimbii mbali kwa nguvu za miguu yake peke yake.

Tukumbuke habari za nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alikuwa amechoka hata akaomba kufa. Mungu alipomtuma malaika, malaika hakuanza kwa kumhubiria wala kumkemea kwa uvivu. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena, kwa sababu njia iliyokuwa mbele yake ilizidi nguvu zake. Ndipo akatembea siku arobaini. Ikiwa nabii alilishwa na kulazwa kabla ya safari, mama naye asione haya kula na kulala.

Hedhi ya mama yetu ilirudi mwezi wa tano baada ya kuanza kula na kulala vizuri. Mwaka uliofuata alijiandikisha tena. Mashindano yenyewe huwa Jumapili, basi mchungaji alimwombea Jumatano iliyotangulia, na kwaya ikamruhusu siku hiyo moja. Alikimbia kilometa 21, akatembea sehemu mbili za mlima, na aliingia uwanjani akiwa nyuma ya mamia ya watu. Mumewe alikuwa amesimama karibu na mstari wa kumalizia na watoto watatu. Mkononi alikuwa ameshika chupa ya uji, bado wa moto, na hakumwuliza ametumia muda gani. Alimwambia, "Kunywa kwanza."

Msomaji mpendwa, kama wewe ni mkimbiaji, au binti yako, au mke wa jirani, chukua karatasi leo na uandike wiki nzima kama ilivyo. Kisha jiulize, siku ya mbio ndefu, nani atafanya kazi zile ambazo wewe hutazifanya? Mahali hapo pakiwa tupu, usianze kukimbia bado. Anza kwa kuzungumza na wa nyumbani kwako.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima.